Cheti cha nyumba kina pacha: barua za wasomaji kuhusu kununua na kuuza malupangu (viwanja vya nyumba)

Barua za safari hii karibu zote zimetoka Lubumbashi, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: nitajuaje kwamba anayeniuzia nyumba ndiye mwenye nyumba? Tumechagua sita. Majibu yametolewa na wanasheria na wapima ardhi wa jopo letu.

*Mdogo wangu anaishi Chicago. Amenunua nyumba kwa mkopo wa benki, na kwenye hesabu ya mwisho akaona amelipishwa bima ya hati miliki. Ananisihi nami nikate bima hiyo kabla ya kununua nyumba Bel-Air. Naipata wapi?* (Msomaji, Kampemba)

Ndugu, ushauri wa mdogo wako ni mzuri kwa nchi anayoishi. Kule Marekani ofisi ya kaunti hupokea na kutunza hati za mauzo, rehani na hukumu, lakini kwa kawaida haikuhakikishii kwamba aliyeuza alikuwa na haki ya kuuza. Mnunuzi ndiye anayemlipa mtu afuatilie mlolongo wa hati hizo tangu zamani. Mwaka 1868 Mahakama Kuu ya jimbo la Pennsylvania, katika kesi ya Watson na Muirhead, iliamua kwamba mtafiti aliyekosea bila uzembe halipi kitu. Hasara ikabaki kwa mnunuzi. Miaka minane baadaye, mwaka 1876, kampuni ya kwanza ya bima ya hati ikafunguliwa Philadelphia kuziba pengo hilo.

Mwambie mdogo wako asome ni jina la nani limeandikwa kwenye bima aliyolipia. Ipo ya mkopeshaji, ambayo inailinda benki peke yake na hupungua kadiri deni linavyolipwa. Ipo pia ya mwenye nyumba, inayolipiwa mara moja tu siku ya kufunga mauzo na kumlinda yeye na warithi wake muda wote wanaoimiliki. Wengi hulipia ya kwanza wakidhani wamelindwa wao. Hatari nyingine ya kule bima hiyo kwa kawaida haiizibi: siku chache kabla ya kufunga mauzo, tapeli aliyekuwa akisoma barua pepe za wakala huandika kwa jina lake, "namba ya akaunti imebadilika, tuma hapa." Ujumbe kama huo haujibiwi. Mtu hupiga simu kwa namba aliyopewa siku ya kwanza, si ile iliyo ndani ya barua. Na kama pesa imekwisha kutumwa, benki iambiwe saa hiyo hiyo, maana kesho yake imeshahamishwa.

Kwetu njia ni nyingine. Mwaka 1858 Robert Torrens alianzisha Australia Kusini utaratibu wa daftari la serikali ambalo lenyewe ndilo hati: ukiandikwa humo wewe ndiye mwenye haki, usipoandikwa huna. Kongo ilifuata mfano huo, na sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 inasema katika kifungu cha 219 kwamba haki ya kutumia ardhi iliyokabidhiwa na serikali inathibitishwa kwa cheti cha usajili tu, ile karatasi iliyoandikwa "certificat d'enregistrement". Kwa hiyo ukiwa Bel-Air usitafute wakala wa bima. Nenda kwa konservateri wa hati za ardhi, ofisa wa serikali anayetunza daftari hilo. Pesa ambayo ungelipia bima, ilipie uchunguzi, na uchunguzi ufanyike kabla hujatoa hata dola moja.

*Komisioneri (dalali wa nyumba) amenionyesha cheti cha usajili chenye mihuri yote, cha lupangu la Kalubwe. Muuzaji ana haraka, anasema kuna mteja mwingine. Nitakijuaje kama ni halali?* (Mama mmoja, Makomeno)

Mama, usihangaike kukitazama kwenye mwanga. Mihuri inachongwa na karatasi inachapishwa, na cheti cha uongo siku hizi kinaweza kuwa safi kuliko cha kweli. Cha kujua ni hiki: cheti hutengenezwa nakala mbili asilia. Moja anapewa mwenye lupangu, nyingine inabaki kwa konservateri na kuwa ukurasa wa daftari la usajili. Ni mapacha. Uliyeonyeshwa na komisioneri ni mmoja, na kazi yako ni kwenda kumwona wa pili.

Kwenye cheti utakuta maneno Volume na Folio, kila moja na namba yake: ni kitabu na ukurasa wa huyo pacha. Ziandike, pamoja na namba ya lupangu kwenye kadasta (ofisi ya upimaji ardhi), jina la mwenye haki, tarehe na ukubwa. Kisha peleka kwa konservateri wa eneo husika barua ya kuomba taarifa ya maandishi kuhusu folio hiyo. Ya maandishi, Mama, si ya mdomo kwenye kolido. Uliza mambo matatu: mwenye haki leo ni nani, kuna rehani, na kuna pingamizi au kesi iliyoandikwa. Barua iwe na nakala ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, na malipo ya serikali yapite benki kwa "note de perception", karatasi ya serikali ya kulipia, yenye jina lako. Mfanyakazi anayekuambia "nipe tu mkononi nitakufanyia haraka" hakuachii ushahidi wowote kwamba uliuliza.

Zingatia kwamba mjumbe wa komisioneri hawezi kukufanyia kazi hii. Nenda mwenyewe au tuma wakili wako, kwa sababu utapeli unaorudiwa sana ni wa majibu ya uongo yanayoletwa kutoka ofisi ya kweli.

Majibu yakifika, linganisha neno kwa neno. Tofauti ya herufi moja kwenye jina au tarakimu moja kwenye folio si "kosa la mashine" mpaka konservateri mwenyewe aseme hivyo kwa maandishi. Kama pacha wa daftarini ana jina lingine, mauzo yalishafanyika na unauziwa karatasi iliyokufa. Kama yupo lakini ni wa juzi tu, uliza kilitoka wapi. Hapo hujitokeza hila ya cheti kilichotangazwa kimepotea: mtu huapa kwamba kimeungua au kimeibwa, anapewa kingine, anauza, na mwenye cheti cha kwanza yuko Kolwezi hajui lolote.

Angalia pia aina ya haki. Raia wa Kongo anaweza kuwa na haki ya kudumu. Mgeni au kampuni hupewa ya muda usiozidi miaka 25, inayoweza kuongezwa. Tumeona watu wakilipa bei ya haki ya kudumu kwa karatasi iliyobakiza miaka miwili. Na kama muuzaji ana mkataba wa kupanga tu kutoka serikalini, "contrat de location", huo hauzidi miaka mitatu na kusudi lake ni kumpa nafasi ya kuendeleza lupangu kabla ya kupata cheti. Ukiwa umekwisha muda na hakuna kilichojengwa, hana cha kukuuzia.

Baada ya ofisi, nenda kwenye lupangu lenyewe. Nyumba njema si mlango. Chukua mpima ardhi aliyetambuliwa, mchoro ulio kwenye cheti na utepe wa mita 50. Cheti huandika ukubwa kwa hekta, ari na sentiari: ari 1 ni mita mraba 100, sentiari 1 ni mita mraba 1. Kwa hiyo "6 a 00 ca" ni mita mraba 600, kwa mfano lupangu la pembe nne sawa la mita 20 kwa 30. Tafuta vijiwe vya mpaka pembe zote nne, fukua kidogo kama vimefunikwa, pima kutoka kijiwe hadi kijiwe wala si kutoka ukuta hadi ukuta. Ukuta wa jirani uliosogea mita 2 upande wa mita 30 umekula mita mraba 60, na aliyeuza hatazirudisha.

Mwishoni gonga milango. Muulize jirani wa kulia, wa kushoto na wa mbele ni nani mwenye lupangu, na umuulize anayeishi ndani anamlipa nani kodi. Nyumba nyingi zinauzwa na mpangaji mwenye funguo na ulimi mtamu. Usiende na komisioneri siku hiyo.

Kuhusu haraka ya muuzaji: mteja mwingine akiwapo, mwache anunue. Ukiona unasukumwa ulipe kabla ya jibu la konservateri, hilo peke yake linatosha kuacha.

*Nilikopa dola 3 000 kwa mtu wa "banki lamberi" (mkopeshaji wa mtaani), riba 30 kwa mia kila mwezi. Alinisainisha hati ya mauzo ya nyumba yangu, akasema ni dhamana tu, akachukua na cheti. Nimelipa riba miezi minne. Sasa anasema nyumba ni yake, nitoke.* (Baba wa watoto watano, Ruashi)

Baba, usitoke, na usisaini kingine chochote, hata "makubaliano ya amani". Umeshalipa 900 mara nne, yaani 3 600, zaidi ya ulichokopa, na bado deni lenyewe halijaguswa. Ndivyo mtego ulivyotegwa: riba inahesabiwa ili ushindwe, na hati ya mauzo ndiyo iliyokuwa inatafutwa tangu siku ya kwanza.

Sheria haipo upande wake. Kongo iliingia Ohada, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, tarehe 12 Septemba 2012, na sheria ya Ohada ya dhamana inataka rehani ya nyumba ifanywe kwa maandishi rasmi na isajiliwe kwa konservateri. Makubaliano kwamba mkopeshaji atakuwa mwenye nyumba deni lisipolipwa yanakubaliwa na kifungu cha 199 kwa masharti mawili kwa pamoja: mkopaji awe kampuni au mfanyabiashara aliyesajiliwa, na jengo lisiwe la kuishi. Nyumba unamolala na watoto haiingii hapo. Hata benki yenye rehani halali haiwezi kuuza kimyakimya: lazima ifuate taratibu za kukamata na kuuza mbele ya sheria, na kipengele cha mkataba kinachosema vinginevyo kinahesabiwa kama hakikuandikwa. Mkopeshaji wako anajua haya, na ndiyo maana aliandika "mauzo" badala ya "rehani".

Kwa hiyo kazi ni kuonyesha kwamba yale yalikuwa mkopo. Kesho asubuhi, kabla ya mahakama, nenda kwa konservateri uone kama jina limeshabadilishwa kwenye folio yako, na upeleke barua ya pingamizi dhidi ya uhamisho wowote, nakala yako igongwe muhuri. Siku moja ina thamani hapa, kwa sababu anayo hati iliyosainiwa na anacho cheti, na jina likishahamia kwake anaweza kumuuzia mtu wa tatu asiyejua kitu.

Kisha kusanya ushahidi. Ujumbe wa simu anaokudai "riba ya mwezi" ni dhahabu, usiufute. Risiti za malipo ya simu, majina ya waliokuwapo siku ya kusaini, na bei iliyoandikwa kwenye hati: kama nyumba ya dola 25 000 imeandikwa imeuzwa 3 000, na muuzaji akaendelea kuishi humo bila kulipa kodi huku akitoa 900 kila mwezi, hakimu atakuwa na maswali ya kumuuliza mnunuzi huyo. Angalia na saini ya mama wa watoto. Sheria ya Familia inataka wanandoa wote wawili wakubali nyumba inapouzwa, na kama mkeo hakusaini, hati hiyo ina ufa mkubwa. Wakili atatumia yote mawili.

Kulipa sehemu ya deni unaruhusiwa, tena ni vizuri, ila kwa benki na kwa maandishi "marejesho ya mkopo wa tarehe fulani". Akikataa kupokea kwa njia hiyo, kukataa kwake nako ni ushahidi. Usimpe tena pesa mkononi.

Na kwa wanaosoma wakiwa wanatafuta mkopo leo: mkopo hausainiwi kwa hati ya mauzo, hata kama mkopeshaji ni rafiki au mtu wa kanisa lenu. Anayekataa neno "mkopo" liandikwe kwenye karatasi ameshakuambia anachokitaka.

*Papa alikufa bila wosia. Yaya wetu, yaani ndugu yetu mkubwa, anauza nyumba ya Katuba na ameshapokea akonti (malipo ya kwanza). Anasema mkubwa ndiye anayeamua.* (Mdogo wa mwisho, Katuba)

Mkubwa ndiye mara nyingi msimamizi wa mirathi kwa sheria, na jina lake linaweza kuthibitishwa na mahakama, lakini kusimamia si kumiliki. Kwa Sheria ya Familia ya 1 Agosti 1987, watoto wa marehemu, pamoja na waliozaliwa nje ya ndoa aliowatambua akiwa hai, ndio kundi la kwanza na wanagawana sawa robo tatu ya mirathi. Robo inayobaki ni ya kundi la pili, alimo mama yenu pamoja na wazazi na ndugu wa marehemu. Hapo hatujahesabu nusu ya mali ambayo huenda ni ya mama mwenyewe kutokana na ndoa, wala haki yake ya kuendelea kuitumia nyumba waliyoishi pamoja. Yaya wako anauza sehemu ambayo si yake.

Konservateri hahamishi nyumba kutoka jina la marehemu kwenda kwa mnunuzi kwa barua ya ukoo. Inatakiwa kwanza amri ya mahakama inayowatambua warithi, kisha cheti kitoke kwa majina yao, kisha wote wasaini mauzo, na walio mbali watoe wakala maalumu, yaani hati ya kumpa mtu uwezo wa kusaini kwa niaba yao, mbele ya notari (mthibitishaji wa hati), inayotaja nyumba hiyo na bei ya chini. Mwandikieni konservateri pingamizi, na mnunuzi naye mpeni nakala. Mnunuzi mwaminifu atasimama, na ni afadhali kwake kuliko kununua kesi ya watoto saba. Zungumzeni kwanza na yaya mkiwa wote na mama yupo. Mara nyingi mkubwa ana madeni ya msiba ambayo hakuyasema.

*Nimepewa lupangu Luwowoshi na chifu, nina karatasi yake na ya shefu wa kartie (mtaa). Inatosha kujenga?* (Kijana, komuni ya Annexe)

Haitoshi. Tangu sheria ya 1973 ardhi yote ni ya serikali, na chifu anaweza kushuhudia nani amekaa wapi, hawezi kukupa haki ya umiliki. Karatasi ya kartie au ya komuni inasaidia kufungua faili tu. Kabla ya kuweka tofali la kwanza, nenda kadasta uulize kama eneo limeshapimwa na kugawiwa. Kule pembezoni lupangu moja huuzwa kwa watu watatu kwa karatasi za aina hiyo hiyo, na atakayeshinda ni aliyefika kwa konservateri. Ukiambiwa liko wazi, omba kupimwa na mkataba wa kupanga, jenga ndani ya muda wake, kisha dai cheti.

*Mimi ni muuzaji. Mnunuzi amenilipa akonti, anataka nimpe cheti asilia "akakionyeshe benki". Nifanye nini?* (Mama mjane, komuni ya Kenya)

Mama, usimpe. Nakala anaweza kupewa, asilia inatoka mkononi mwako siku moja tu, mezani kwa notari au konservateri, pesa ikiwa imeshaonekana kwenye akaunti yako. Muuzaji naye anaibiwa, ila watu hawalisemi sana. Cheti asilia, nakala ya kitambulisho chako na saini uliyoiweka kwenye risiti ya akonti vinamtosha tapeli kuandika mauzo kamili.

Wala usisaini wakala wa jumla kwa komisioneri ili "afuatilie karatasi". Mwandikie barua inayosema aonyeshe nyumba na alete wateja, basi, na komisyo yake ilipwe baada ya mauzo.

Risiti ya akonti itaje bei nzima, kiasi kilichopokelewa, tarehe ya mwisho ya kumaliza, na kitakachotokea mnunuzi akishindwa. Salio lipite benki. Kuanzia dola 10 000 sheria dhidi ya utakatishaji wa fedha haitaki malipo ya taslimu, na kwako ni kinga: noti bandia hazipiti dirishani. Karatasi ya "nimetuma" au picha ya simu si malipo. Piga simu benki yako mwenyewe, uambiwe pesa imeingia na inaweza kutolewa. Mnunuzi akitaka kubakiza sehemu ndogo mpaka cheti kipya kitoke kwa jina lake, ni ombi la haki, mkubali, mradi kiasi na tarehe viandikwe mbele ya notari.

Na hili ni kwa kila mwenye cheti, anayeuza na asiyeuza. Cheti kikitolewa kwa mtu mwingine juu ya lupangu lako, unao muda wa miaka miwili kukishambulia mahakamani. Baada ya hapo kinakuwa imara na kwako hubaki kudai fidia kwa aliyekosa. Kwa hiyo angalau mara moja kwa mwaka mtu aende aulizie folio yake, hasa anayeishi mbali na nyumba yake, na hasa mjane.

Siku ya kukabidhi funguo, Mama, andikeni pamoja tarakimu za mita ya umeme ya Snel na ya maji ya Regideso, msaini wote wawili, kila mmoja abaki na nakala. Bili za mwezi uliopita ni zako, za mbele ni zake.